Kona Tatu, Penalti: Watoto Wanavyoleana Uwanjani

Kabla mpira haujaguswa, kuna kazi nzito ya kufanywa. Wawili wanaokubalika kuwa ndio wakali wa mtaa wanasimama mbele, wenzao wanajipanga wakisubiri kuitwa. Huyu anamchukua fulani, yule anamchukua fulani. Wakali wanaisha mapema, wanafuata wa kati, na mwishoni wanabaki wawili watatu wanaotazama chini, wakichora mchanga kwa kidole gumba cha mguu: mdogo wa mtu aliyeletwa kwa lazima, mwenye pumu, mgeni aliyehamia mtaani juzi. Nao wanachukuliwa. Lazima wachukuliwe, kwa sababu idadi isipolingana mchezo hauendi, na asiyejua kupiga mpira atakaa golini.

Ukipita Tandika, Mbagala au Manzese, Dar es Salaam, jioni, baada ya saa kumi, utalikuta tukio hili, nalo haliishi zaidi ya dakika mbili tatu. Watu wazima hatulitilii maanani. Macho yetu yanamfuata mwenye chenga, tunaulizana ni mtoto wa nani na kama kuna timu imeshamwona. Siku hizi mimi namtazama aliyechaguliwa wa mwisho, pamoja na yule aliyelazimika kumchagua. Kuanzia hapo hadi adhana ya magharibi hao wawili wana fungu moja. Wakifungwa, wamefungwa wote. Mkali atalazimika kumwonyesha dhaifu mahali pa kusimama, tena kwa maneno yasiyomfanya asuse, maana akisusa timu imepungua. Mtoto wa miaka kumi anajifunza kuongoza mtu hapo, na hakuna mkubwa aliyemwambia kwamba anajifunza.

Tumezoea kusema michezo inajenga tabia. Inasemwa kila mashindano yanapozinduliwa, na maneno yamezoeleka kiasi kwamba hatuulizi tena inaijenga vipi. Kukimbia peke yake hakumfanyi mtu awe mwema. Wapo wenye mbio na wenye roho mbaya hapohapo. Ninachokiamini, baada ya miaka ya kukaa pembeni ya viwanja vya vumbi, ni kwamba kinachomjenga mtoto ni kulazimika kumtegemea mtu ambaye hakumchagua, na kutegemewa naye. Rafiki wa darasani unampata kwa sababu mnacheka mambo yaleyale. Beki wa kushoto unapewa. Pengine humpendi, pengine nyumbani kwao na kwenu hawasalimiani, lakini mpira ukipita upande wake ni wewe uliyefungwa.

Chandimu, mpira huu wa mtaani, ndiyo shule ya kwanza ya jambo hili, kwa sababu haina mwalimu. Mpira wenyewe unatengenezwa na watoto: karatasi na matambara yanakunjwa, yanakazwa kwa kamba, yanazungushiwa tena na tena hadi yanakuwa magumu na kudunda kidogo. Zamani mifuko ya plastiki ndiyo iliyokuwa malighafi kuu. Tangu ipigwe marufuku Tanzania Bara mwezi Juni 2019, soksi iliyojazwa matambara imepata heshima yake tena. Magoli ni mawe mawili au jozi ya ndala. Mwamba wa juu haupo, kwa hiyo mpira ukipita juu ya kichwa cha kipa, ni goli au si goli? Kanuni inayotumika ni mkono wa kipa: asichoweza kukifikia akirusha mkono, kimepita juu. Kipa mfupi ana faida yake hapo, na ubishi hauishi.

Ubishi huo ndio kiini cha mambo. Mwamuzi hakuna, wala video ya kurudia. Kuna timu mbili zinazosema mambo mawili tofauti, na jua linazama. Watoto wanajua kwa uzoefu kwamba wakibishana hadi adhana, hakuna aliyecheza. Basi wanatafuta njia: "Haya, pigeni upya." Au wanamuuliza mmoja anayejulikana kwa kutosema uongo, hata kama yuko upande wa pili, na akisema "lilikuwa goli" mjadala umekwisha. Kila mtaa una mtoto wa namna hiyo. Hajachaguliwa na mtu, lakini neno lake lina uzito kuliko la nahodha, na wenzake wanajua kwamba uzito huo ameupata kwa kusema ukweli siku ambayo ukweli uliifungisha timu yake mwenyewe.

Wametunga na sheria zao. Kona tatu, penalti: uwanja ni mwembamba, kona haina maana kubwa, basi zikifika tatu zinabadilishwa kuwa penalti. Sheria za soka za kimataifa hazina kanuni hiyo, ila mtoto wa Dar es Salaam anaijua kabla hajajua jedwali la kuzidisha. Kuna pia suala gumu la mwenye mpira. Akija mmoja na mpira wa dukani, ana mamlaka: lazima acheze, lazima awe mshambuliaji, na akikasirika anaondoka nao. Wenzake watamvumilia, lakini kwa kiasi. Siku akizidisha, watarudi kwenye mpira wa matambara na kumwacha amekaa kibarazani na mpira wake mpya. Kesho yake atakuja, hatadai chochote, na hakuna atakayelitaja la jana. Kuna kampuni na vyama ambavyo havijafika kwenye busara hiyo.

Mchezo ambao kutegemeana kumefungwa ndani ya sheria zenyewe ni netiboli, na ninaona tunaudharau kwa sababu tumeuita mchezo wa wasichana. Wachezaji ni 7 kila upande, kila mmoja na herufi zake kifuani, na herufi hizo zinamwambia mahali anapoweza kukanyaga na asipoweza. Ukidaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Una sekunde 3 za kuutoa. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, nao wafunge wakiwa ndani ya nusu duara. Hata mkiwa na msichana aliye hodari kuliko wote wilayani, hawezi kuubeba mpira peke yake kutoka goli moja hadi jingine. Lazima aamini kwamba kuna mwenzake mbele, na lazima amwamini upesi. Anayecheza GK, mlinda goli, anaweza kumaliza miaka yote ya shule bila kufunga hata bao moja, kwa sheria, na bado timu nzima inajua kwamba kombe lile lilikuja kwa mikono yake. Msichana aliyekua ndani ya utaratibu huo hahitaji kuelezwa, akiwa mtu mzima, kwamba kazi isiyoonekana nayo ni kazi.

Kufungwa nako kuna mafunzo yake. Oktoba 2022 timu ya wasichana ya Tanzania wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia la umri huo. Mechi ya kwanza, tarehe 12, walipigwa na Japani mabao 4-0. Wasichana wa kidato, mbali na nyumbani, mbele ya kamera za dunia nzima. Timu nyingi za watu wazima husambaratika hapo: lawama zinaanza kwenye basi, makundi yanajitenga, kila mtu anakumbuka kosa la mwenzake. Tarehe 15, siku tatu tu baadaye, wakaifunga Ufaransa 2-1. Kisha wakatoka sare 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, wakatolewa na Kolombia kwa mabao 3-0. Tulishangilia ile mechi ya Ufaransa, na tulistahili kushangilia. Mimi zinanivutia zaidi zile siku tatu za katikati. Mtu hapati nguvu ya kurudi uwanjani baada ya kipigo kama kile kwa hotuba ya kocha peke yake. Anaipata akitazama kando na kumwona aliyefungwa naye anafunga kamba za viatu.

Ukitaka kuona urafiki wa namna hii unaishia wapi, nenda viwanja vya Leaders, Kinondoni, Jumapili asubuhi, kwenye mechi za maveterani. Wanaume wa makamo, wengine wamefunga magoti kwa bandeji, wanapiga pasi walizozikariri tangu utotoni. Nina timu moja ninayoifahamu vizuri. Ndani yake kuna dereva wa daladala, mfanyakazi wa benki, fundi wa kuchomelea mageti, mwalimu wa hisabati na mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye maghala yake. Ukiwauliza ni nini kinachowaunganisha, hawana jibu jingine ila hili: walicheza timu moja ya kata wakiwa na miaka kumi na mitano.

Majina yao ya nyumbani nusu yao hawayajui. Wanaitana kwa majina ya uwanjani yaliyotoka miaka ya zamani, na mtu mwenye mvi anageuka akiitwa jina la mchezaji wa Brazil. Wana mfuko wa kusaidiana. Mwaka juzi mmoja wao alifiwa na mama yake. Alfajiri, kabla ndugu wa mikoani hawajafika, turubai lilikuwa limeshasimama na viti vimeshushwa. Mfanyakazi wa benki alishika daftari la michango, fundi alikuwa anafunga taa, na yule mwenye maghala alikuwa nyuma ya nyumba na mikono ya shati imekunjwa, anapasua kuni. Hakuna aliyempangia mwenzake zamu. Nilimsikia mzee mmoja wa ukoo akiuliza hawa ni nani, akajibiwa, "Hawa ndio timu yake." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, hakuuliza zaidi.

Kwa nini urafiki huu unadumu? Nadhani ni kwa sababu mliocheza pamoja mkiwa watoto mlionana mahali ambapo hakuna pa kujificha. Mliona nani analia akikosa penalti, nani anamlaumu mwenzake, nani anasema "bahati mbaya, twende", nani aliwekwa benchi akashangilia kwa moyo mweupe na nani aliwekwa benchi akaombea timu ifungwe. Baada ya hapo, cheo hakina la kuficha. Mkurugenzi anayejua kwamba kuna watu wanane mjini wanaomkumbuka alivyokuwa mchoyo wa pasi ana bahati, maana hao watamwambia ukweli ambao ofisini hakuna atakayethubutu.

Hata kwa wale waliofika mbali, mara nyingi safari haikuwa ya peke yao. Mbwana Samatta wa Mbagala alipitia Mbagala Market, timu iliyokuja kuwa African Lyon, kisha Simba, na mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, naye akatua hapohapo mwaka uleule. Vijana wawili ambao hawajafika miaka ishirini, katika mji wa migodi, katika klabu ambayo mashabiki wake hawavumilii sare. Lubumbashi wanazungumza Kiswahili, lakini Kiswahili chao si cha Mbagala, na ugeni ni ugeni. Walikaa pale zaidi ya miaka minne, wakaungana kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Afrika Novemba 2015, Samatta akifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Picha za tuzo zina mtu mmoja. Chumba cha kuvalia jezi hakikuwa na mtu mmoja.

Je, nguvu hii ya kuunganisha inafika wapi? Mtafiti Salma Mousa alifanya jaribio nchini Iraq, kwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na kundi la Dola la Kiislamu, na akalichapisha mwaka 2020 katika jarida la Science. Ziliandaliwa ligi za mpira. Kwa kura, timu nyingine za Wakristo zilibaki za Wakristo watupu, nyingine zikaongezewa wachezaji Waislamu. Waliocheza na Waislamu katika timu moja walikuwa wepesi zaidi kumpigia Mwislamu wa timu nyingine kura ya tuzo ya uungwana, wepesi zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, na miezi sita baadaye walikuwa wepesi zaidi kufanya mazoezi pamoja na Waislamu. Lakini kwa Waislamu wasiowajua, nje ya uwanja, mtaani na mikahawani, mabadiliko yalikuwa haba. Matokeo hayo nayachukua yote mawili. Mpira hauponyi taifa. Unampa mtoto watu kadhaa wa upande wa pili anaowajua kwa jina, na huo ni mwanzo ambao watoto wengi hawaupati popote pengine.

Wapo pia waliokaa chini wakaupanga mchezo kwa makusudi ili ufundishe. Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kinachojulikana kama MYSA kilianzishwa mwaka 1987, na katika ligi zake timu hupata pointi 3 kwa kushinda mechi, lakini pointi 6 kwa kufanya usafi wa mtaa. Fikiria maana yake kwa mtoto mwenye kipaji: Jumamosi ambayo hajashika reki na toroli imemgharimu zaidi ya mechi aliyopoteza. Kuna pia kadi ya kijani, anayopewa aliyeonyesha uungwana kuliko wote katika mechi, na kazi za kujitolea huhesabiwa katika tuzo zinazosaidia ada ya shule. Kwa wanaodhani mambo ya tabia yanapunguza makali ya soka, chama hichohicho ndicho kilichozaa Mathare United, mabingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, timu aliyopitia Dennis Oliech kabla ya kwenda Ulaya.

Sasa niseme linaloniuma. Uwanja unafundisha chochote tunachokiweka ndani yake, na mara nyingine sisi wakubwa tunaweka sumu. Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari Tanzania, maneno mawili yanarudi: mamluki na vijeba. Mamluki ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule ile, amekodiwa. Kijeba ni mtu mzima aliyepunguziwa miaka ili acheze na watoto. Tazama linavyofanyika kwa karibu. Mtoto aliyefanya mazoezi miezi mitatu anaambiwa asubuhi ya mechi avue jezi. Anakaa kwenye nyasi, anamtazama mgeni mwenye ndevu zilizonyolewa jana akiivaa, na wenzake wote kumi wanaambiwa na mwalimu wao jina la uongo la kumwita huyo mgeni. Kumi hao wamefundishwa siku hiyo kwamba neno la mwalimu halina thamani na kwamba mwenzao wa miezi mitatu anabadilishika kwa kombe la bati. Hata wakishinda, urafiki niliousema haupo tena, kwa kuwa kila mmoja anajua jezi yake nayo inaweza kuvuliwa. Ningekuwa na mamlaka, shule iliyokamatwa kwa hilo nisingeinyang'anya pointi tu. Ningemtaka mwalimu mkuu amwombe radhi yule aliyevuliwa jezi, mbele ya mstari wa asubuhi.

Na wasichana? Hadi miaka tisa au kumi wanacheza kama kaka zao. Jioni utawakuta kwenye rede, mmoja anakwepa mpira huku akiwahi kujaza mchanga kwenye chupa, wenzake wakipiga kelele za kumhesabia. Halafu wanaanza kupotea mmoja mmoja. Hawajachoka kucheza. Saa kumi ile ambayo kaka anatoka kwenda uwanjani ndiyo saa ya maji, ya vyombo, ya kumbeba mdogo wao, ya kuwasha jiko. Mama anamwita kwa sababu naye ana mikono miwili tu, simlaumu. Ila hesabu iko wazi: kaka mtu anapata jioni tano kwa wiki za kujifunza kubishana, kukubali, kuongoza na kushindwa mbele za watu, na dada yake anapata moja ikiwa kuna kipindi cha michezo shuleni. Baadaye tunashangaa kwenye vikao kwamba wanaume wanazungumza kwa kujiamini. Kaka akiosha vyombo siku mbili kwa wiki, dada anapata jioni mbili za netiboli. Nyumba nyingi zinaweza hilo kuanzia Jumatatu bila shilingi moja.

Viwanja navyo vinaisha. Mitaa mingi ya Dar es Salaam iliyopimwa ilikuwa na maeneo ya wazi kwenye ramani, na mengi yamekuwa gereji, maegesho, fremu za maduka au nyumba ya mtu. Zimeota shule zisizo na uwanja kabisa, madarasa yamezungushiwa ukuta na ua wa kutosha gwaride tu. Watoto wamesogea barabarani, wanaondoa mawe ya goli kila bodaboda inapopita. Wenye uwezo wanawapeleka watoto wao kwenye akademi za kulipia siku ya Jumamosi, na ni jambo jema, lakini pale wanakutana na watoto wa wenye uwezo wenzao, na timu imeshapangwa na kocha. Ule uchaguzi wa mchangani, ambapo mtoto wa mwenye nyumba anachaguliwa wa nne na mtoto wa mpangaji wake ndiye nahodha, haupo.

Ramani za mitaa zipo ofisi za mipango miji za manispaa, na mkazi ana haki ya kuuliza. Mkutano wa mtaa ujao, ajenda zikifika mengineyo, wazazi wasimame wawili watatu wamwombe mwenyekiti asome kwa sauti maeneo ya wazi ya mtaa wao ni yapi, yanapakana na nani, na sasa hivi yako mikononi mwa nani. Wawe na kalamu, waandike majibu, na ofisa mtendaji asaini muhtasari kabla watu hawajatawanyika.